Barua kwa Mhariri: Injini peke yake haiipitishi ndege kasi ya sauti

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nichangie makala mliyochapisha hivi karibuni kuhusu juhudi za kurudisha ndege za abiria ziendazo kasi kuliko sauti. Makala ile ilisomeka vizuri, na mwandishi alifanya jambo la maana kutukumbusha kwamba tarehe 28 Januari 2025 ndege ya majaribio XB-1 ya kampuni ya Boom ya Marekani ilivuka kasi ya sauti kwa mara ya kwanza. Hata hivyo, katika aya iliyoeleza namna ndege hizo zinavyoruka kulikuwa na sentensi mbili ambazo si vyema kuachwa zipite kimya. Ya kwanza ilidai kwamba kinachohitajika ili ndege iende kasi kuliko sauti ni injini yenye nguvu zaidi. Ya pili ilidai kwamba kadiri ndege inavyozidi kukimbia ndivyo injini inavyozidi kunufaika, kwa kuwa hewa huingia yenyewe kwa wingi na kwa nguvu.

Madai hayo yote mawili yanaisahau sehemu moja ya ndege, nayo ni mlango wa hewa, yaani njia inayoanzia pale hewa inapoingilia hadi kwenye uso wa injini. Mtu akiutazama kwa mbali huona tundu tu. Kwa ndege iendayo polepole kuliko sauti hakosei sana, kwa sababu mlango wake wa hewa ni bomba fupi lenye ukingo mnene wa mviringo. Kwa ndege ipitayo kasi ya sauti, tundu lile ni mtambo kamili wenye kazi ngumu kuliko nyingi zinazofanyika ndani ya injini, na wahandisi wengi walioshiriki kuunda ndege hizo walitumia miaka wakihangaika nalo kuliko walivyohangaika na mabawa.

Kazi yenyewe ni kuipunguza hewa kasi. Injini ya jeti huanza na kompresa, ambayo ni safu za mapanga madogo yanayozunguka kwa kasi kubwa yakiishindilia hewa kuelekea kwenye chumba cha mwako. Mapanga hayo yameundwa kupokea hewa iendayo takriban nusu ya kasi ya sauti. Hewa ikiyafikia ikiwa na kasi kubwa kupita kiasi, mikondo inayopita juu yake huvurugika, mapanga hupoteza uwezo wa kuisukuma hewa nyuma, na injini inaweza kukohoa moto kwa mbele au kuzimika kabisa. Kwa hiyo injini ya Concorde, ndege ya abiria ya Uingereza na Ufaransa iliyopita kasi ya sauti, ikiwa angani kwa kasi ya Mach 2, yaani mara mbili ya kasi ya sauti, ilitakiwa kuletewa hewa iendayo karibu Mach 0.5 tu. Ndege ilikuwa ikiikabili hewa kwa takriban mita 590 kila sekunde, na ilipofika kwenye kompresa kasi hiyo ilipaswa kuwa imeshuka hadi mita 190 hivi, yote hayo katika njia ya hewa yenye urefu wa mita tatu na nusu kwa makadirio. Yeyote anayedhani kwamba kasi ya ndege inaipa injini hewa ya bure hana budi kwanza kueleza breki hiyo inafungwaje.

Hapa inafaa kueleza tabia ya hewa yenyewe. Ndege ikienda polepole kuliko sauti, mgandamizo unaotokea mbele yake husafiri kwa kasi ya sauti kwenda kuiarifu hewa iliyo mbele, nayo huanza kujigawa na kupisha kabla ndege haijafika. Ndege ikienda kasi kuliko sauti, taarifa hiyo haiwezi kutangulia. Hewa hukutwa ghafla, na mabadiliko yote ya kasi, shinikizo na joto hutokea katika utando mwembamba kuliko unywele, ambao huitwa wimbi la mshtuko. Hakuna mlango wa hewa wa kawaida unaoweza kuishusha hewa kutoka juu ya kasi ya sauti hadi chini yake bila wimbi la namna hii kuwapo mahali fulani. Mbunifu hachagui kama wimbi liwepo au lisiwepo. Anachochagua ni idadi ya mawimbi, ukali wa kila moja na mahali pa kukaa.

Njia rahisi kuliko zote ni kuacha wimbi moja lisimame wima mbele ya mlango. Hewa hulivuka na papo hapo huwa chini ya kasi ya sauti, kisha njia inayopanuka taratibu huipunguza zaidi hadi injini iikubali. Ubaya wake ni gharama. Kila wimbi la mshtuko hugeuza sehemu ya nishati ya mwendo kuwa joto lisiloweza kurudishwa kuwa shinikizo lenye manufaa, na wimbi lililosimama wima ndilo linaloharibu zaidi. Katika Mach 1.3 hasara ni ndogo, kwani karibu asilimia 98 ya shinikizo lote ambalo hewa ingeweza kutoa hubaki. Katika Mach 1.7 hubaki asilimia 86 hivi, katika Mach 2 asilimia 72, na katika Mach 3 hubaki theluthi moja tu. Tukizingatia kwamba kila asilimia ya shinikizo inayopotea mlangoni huondoa asilimia moja au zaidi ya msukumo wa injini, inaonekana wazi kwamba kuongeza nguvu ya injini huku mlango ukiwa wa wimbi moja ni sawa na kumimina maji katika mtungi uliotoboka. Injini ile kubwa itakula mafuta, itaongeza uzito, na msukumo utaendelea kupotea kabla hata hewa haijaligusa panga la kwanza.

Dawa ilijulikana tangu miaka ya 1940, na mmoja wa walioishughulikia mapema kwa hesabu ni Klaus Oswatitsch, aliyekuwa akifanya kazi Göttingen nchini Ujerumani. Badala ya kuishusha hewa kwa pigo moja kali, huwekwa kitu kilichochongoka mbele ya mlango ili kitengeneze wimbi la mshazari. Hewa inayopita katika wimbi la mshazari hupinda kidogo na kupungua kasi kidogo, lakini hubaki juu ya kasi ya sauti, na hasara yake ni ndogo mno. Likifuata wimbi la pili la mshazari, hupungua tena. Mwishoni linakuja wimbi la wima, ambalo sasa linaikuta hewa imekwisha kupungua hadi Mach 1.3 au pungufu, na kwa hiyo haliharibu sana. Kwa mpangilio huo, ndege iliyo katika Mach 2 ambayo ingebakiwa na asilimia 72 ya shinikizo inaweza kubakiwa na asilimia 90 kwa wimbi moja la mshazari pamoja na lile la wima, na kukaribia asilimia 95 kwa mawimbi mawili ya mshazari yaliyopangwa vizuri. Oswatitsch alionyesha pia kwamba matokeo bora hupatikana pale mawimbi ya mshazari yanapogawana kazi kwa usawa, pasiwepo moja lililo kali kuliko mengine.

Msomaji aliyewahi kuona picha ya ndege ya kivita ya Kisovieti MiG-21 na kujiuliza ile koni iliyochomoza puani ni ya nini, jibu lake ndilo hilo. Watu wengi huiona kuwa kifuniko cha rada, na ni kweli rada imo ndani yake, lakini umbo lake na uwezo wake wa kusogea mbele na nyuma ni kwa ajili ya mawimbi. English Electric Lightning ya Uingereza ilikuwa na koni iliyofungwa katikati ya mdomo. Mirage III ya Ufaransa na F-104 ya Marekani zilikuwa na nusu koni kila ubavu. Wabunifu wengine waliacha koni wakatumia mabamba yaliyoinama, yanayofanya kazi ileile kwa umbo la mstatili. Hizo ndizo pembe kali tunazoziona katika milango ya F-15, MiG-25, Su-27, na bila shaka Concorde.

Koni au bamba likiwekwa na kuachwa palepale, huwa sahihi kwa kasi moja tu. Mshazari wa wimbi hutegemea kasi: ndege ikiongeza mwendo, wimbi hulala zaidi kuelekea nyuma, ikipunguza, husimama. Kinachotakiwa ni wimbi liguse au likaribie ukingo wa mlango. Likipita mbele ya ukingo, hewa iliyokwisha kugandamizwa humwagika nje na kuongeza ukinzani. Likiingia ndani ya ukingo, hugonga kuta na kuleta vurugu. Zaidi ya hapo, kiasi cha hewa ambacho injini inataka hakilingani na kiasi ambacho mlango unapenda kutoa. Wakati wa kupaa, ndege ikiwa inajikokota kwenye njia ya kurukia, injini inataka hewa nyingi na mlango mwembamba hauwezi kuitosheleza. Ndiyo sababu MiG-21 ina vijilango vya ziada ubavuni vinavyofunguka vyenyewe injini inapofyonza. Katika kasi kubwa mambo hugeuka, na mlango huleta hewa kuliko inayohitajika. Kwa hiyo mabamba, koni na vijilango vyote hivyo vinapaswa kusogea, tena vikiwa vimetumwa na kitu kinachojua kasi, pembe ya ndege na hali ya injini kwa wakati uleule.

Concorde ndiyo mfano bora wa jambo hili, na nadhani haikupewa heshima inayostahili kwa upande huo. Kila moja ya injini zake nne za Olympus 593 ilikuwa na mlango wake wenye mabamba mawili yanayosogea juu na kijilango kimoja chini. Kati ya mabamba yale mawili kulikuwa na upenyo, ambao kupitia kwake hewa nzito iliyojikokota juu ya bamba la mbele ilifyonzwa na kupelekwa kando ya injini kuipoza. Chini ya kasi ya sauti mabamba yalikaa juu, yakiiachia injini njia pana. Ndege ilipozidi Mach 1.3 hivi yakaanza kushuka kidogokidogo, yakiyapanga mawimbi hadi Mach 2. Mfumo wa mwanzo wa kuyaongoza ulikuwa wa analogia, na majaribio yalionyesha kwamba hautoshi. Mapema mwaka 1971, wakati wa majaribio ya ndege ya kwanza nchini Ufaransa, injini zilishtuka ikiwa katika Mach 2 na bamba moja la mlango likanyofoka. Wabunifu wakahamia kwenye kompyuta za dijitali, jambo ambalo kwa ndege ya abiria ya miaka ile lilikuwa la kijasiri. Matokeo yake yalikuwa mlango uliobakiza takriban asilimia 94 ya shinikizo katika Mach 2.

Naomba wasomaji wayatafakari matokeo hayo kwa hesabu ndogo. Hewa iliyo katika Mach 2 ikisimamishwa bila hasara yoyote, shinikizo lake huongezeka karibu mara 7.8. Ukiondoa hasara ya asilimia 6, mlango wa Concorde uliizidisha hewa shinikizo kwa zaidi ya mara saba kabla kompresa haijaanza kazi yake. Katika Mach 3.2, kasi ya ndege ya upelelezi SR-71, ongezeko hilo linakaribia mara 40. Ndiyo kusema kwamba mlango wa hewa ni kompresa isiyo na panga hata moja. Katika injini za ramjeti hakuna kompresa nyingine kabisa. Mlango hufanya kazi yote, na kwa sababu hiyo ramjeti haiwezi kuanza kazi ndege ikiwa imesimama. Joto nalo huja pamoja na mgandamizo. Hewa ya juu iliyo na nyuzi 56 chini ya sifuri hufika kwenye injini ikiwa na nyuzi 117 hivi katika Mach 2, na karibu nyuzi 390 katika Mach 3.2, kabla tone la mafuta halijachomwa. Mwandishi wenu aliyesema hewa iingiayo kwa nguvu ni faida tupu angefaa kulitaja joto hilo, kwani ndilo linaloweka kikomo cha kasi ya injini za turbini.

Ipo takwimu moja inayorudiwa sana, na kwa kuwa ninautetea mlango wa hewa ningeweza kuitumia kirahisi, lakini haki inanilazimu kuieleza vizuri. Husemwa kwamba Concorde katika Mach 2 ilipata asilimia 63 ya msukumo wake kutoka kwenye mlango wa hewa, asilimia 29 kutoka kwenye bomba la kutolea gesi, na asilimia 8 tu kutoka kwenye injini yenyewe. Kwa SR-71 katika Mach 3.2 hutajwa asilimia 54 za mlango, 28 za bomba la nyuma na 18 hivi za injini. Hesabu hizo ni sahihi ikiwa tunauliza ni sehemu gani za ndege zinazosukumwa mbele. Njia ya hewa hupanuka kuelekea kwenye injini, na hewa yenye shinikizo kubwa iliyomo huzisukuma kuta zile zinazopanuka kwenda mbele kuliko inavyozisukuma sehemu nyingine kurudi nyuma. Lakini mlango hauzalishi nishati. Injini ikizimwa, mtiririko huvurugika, shinikizo huporomoka, na zile asilimia 63 hugeuka kuwa ukinzani. Anayesema kwamba Concorde iliendeshwa na milango yake ya hewa amekosea kwa kiasi kilekile alichokosea anayesema iliendeshwa na injini peke yake. Mlango, injini na bomba la nyuma ni mtambo mmoja, na kuugawa kwa asilimia kunafaa darasani kuliko gazetini.

Kuna upande wa hatari ambao makala haikuugusa, nao unahusu milango inayofanya sehemu ya mgandamizo ndani yake. Kwa kasi ya Mach 2 inatosha kuyaweka mawimbi yote ya mshazari nje, mbele ya ukingo. Kasi ikizidi sana, kuipindisha hewa yote nje hulazimisha ukingo wa mlango uelekezwe nje mno, na ukinzani unakuwa mkubwa. Wabunifu wa SR-71 na wa XB-70, ndege ya majaribio ya kudondoshea mabomu ya Marekani, walilazimika kuruhusu hewa iingie ndani ikiwa bado iko juu ya kasi ya sauti, kisha njia inayobanwa iipunguze. Hapa ndipo wengi wetu tuliozoea mabomba ya maji hukwama: hewa iliyo chini ya kasi ya sauti huongeza mwendo njia inapobanwa, lakini iliyo juu ya kasi ya sauti hupunguza mwendo njia inapobanwa. Kwa hiyo njia hubanwa hadi kwenye shingo, na wimbi la wima huwekwa nyuma kidogo ya shingo hiyo, pale njia inapoanza kupanuka tena.

Wimbi hilo halitulii kwa hiari yake. Injini ikipunguza ghafla kiasi cha hewa inachokula, shinikizo la nyuma hupanda, wimbi husogea mbele, na likishavuka shingo hakuna kinachoweza kulizuia. Hutoka nje kwa kishindo, mlango huacha kupokea hewa vizuri, na msukumo wa upande huo hutoweka katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kulirudisha si jambo la kungoja. Mwaka 1945 Arthur Kantrowitz na Coleman Donaldson walieleza ni kwa kiasi gani njia inaweza kubanwa huku wimbi likiweza kumezwa lenyewe; zaidi ya kikomo hicho ni lazima shingo ipanuliwe kwanza, wimbi liingie, kisha shingo ibanwe upya. Koni ya SR-71 ilifanya kazi hiyo. Kuanzia Mach 1.6 ilirudi nyuma hatua kwa hatua, jumla ya sentimita 66, na tatizo lilipotokea ilikimbizwa mbele kisha kurudishwa mahali pake, huku milango ya kupunguzia shinikizo ikifunguliwa.

Kwa kuwa injini za SR-71 zilikaa mbali katika mabawa, kutapikwa kwa wimbi upande mmoja kuliigeuza ndege kwa nguvu kiasi kwamba kofia za marubani ziligonga vioo. Tarehe 25 Januari 1966 rubani wa majaribio wa Lockheed, Bill Weaver, alikuwa kwenye kona katika Mach 3.18 wakati mlango wa kulia ulipotapika wimbi; ndege ilivunjikavunjika angani, yeye akanusurika na mwenzake akafariki. Baadaye mfumo uliwekwa uufanye mlango wa upande wa pili nao upitie mzunguko uleule wa kujirekebisha, ili ndege isivutwe upande mmoja, na katika miaka ya 1980 kompyuta za dijitali zikalifanya tatizo lenyewe kuwa nadra. Nalitaja tukio hili kwa sababu injini ya ndege ile haikuwa na kasoro ya nguvu. Kilichoshindwa ni usimamizi wa hewa iliyokuwa ikielekea kwake.

Concorde iliikwepa hatari hiyo kwa kufanya karibu mgandamizo wake wote nje, na kwa kijilango cha chini nilichokitaja. Injini ikizimika katika Mach 2, mabamba yalishuka hadi mwisho na kijilango kikafunguka, hewa isiyohitajika tena ikamwagwa chini. Kumwaga huko kuliongeza kidogo nguvu ya kuinua ndege upande wa injini iliyokufa, hivyo ndege haikutaka kupinduka. Kwangu mimi hilo ni mojawapo ya mambo ya kistadi kuliko yote katika ndege ile, japo abiria aliyekuwa akila chakula chake asingeweza kulijua.

Kuhusu hewa iliyojikokota kandokando ya bodi ya ndege nitasema kwa ufupi. Hewa inayogusana na ngozi ya ndege hupoteza mwendo, na ikiingia kwenye mlango huleta mtiririko usio sawa ambao kompresa haiupendi. Ndege ya F-111, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1964, iliteswa sana na kukwama kwa injini kwa sababu ya mtiririko wa namna hii, na milango yake ikabidi ibuniwe upya. Ndiyo maana milango ya ubavuni katika ndege nyingi huachiwa upenyo kati yake na bodi. Mwaka 1996 Lockheed Martin walijaribu kwenye F-16 mlango usio na upenyo huo, wenye uvimbe uliochongwa ili shinikizo lake liisukume hewa nzito pembeni. Uvimbe huohuo unaonekana leo kwenye F-35 na kwenye JF-17.

Mwelekeo huo wa kuondoa vitu vinavyosogea unafaa kutazamwa kwa makini, kwa sababu unahusiana moja kwa moja na ndege za abiria zinazotarajiwa. F-16 ya kawaida ina mlango wa wimbi moja usiosogea, na waliouchagua walijua kwamba utapoteza nguvu karibu na Mach 2. Waliona kwamba ndege hiyo itatumia muda wake mwingi chini ya hapo, na kwamba mabamba, mitambo ya haidroliki na kompyuta za kuyaongoza ni uzito, gharama na matengenezo. Ndege ya kudondoshea mabomu B-1 iliundwa kwanza ikiwa na milango inayojibadilisha kwa ajili ya Mach 2.2, toleo lililoingia kazini, B-1B, lilipewa milango isiyosogea yenye njia iliyopindwa ili kuificha injini isionwe na rada, na kasi yake ikashuka hadi karibu Mach 1.25. Injini za matoleo yote mawili zilikuwa za ukoo mmoja, na hata hivyo kasi ilipungua kwa karibu kasi nzima ya sauti.

Kampuni ya Boom imetangaza kwamba ndege yake ya abiria, Overture, itaruka kwa Mach 1.7 juu ya bahari, pungufu ya Concorde. Katika kasi hiyo, wimbi moja la wima lingebakiza asilimia 86 ya shinikizo, na kwa mawimbi machache ya mshazari hasara inaweza kuwa ndogo sana hata kwa mlango usio na misogeo mingi. Joto nalo ni dogo. Kwa maoni yangu, uamuzi huo wa kushusha kasi una uzito kuliko habari zote za nguvu za injini tulizosoma.

Kwa hiyo ningeomba, Mhariri, kwamba mwandishi wenu atakapopata nafasi ya kuzungumza na waundaji wa ndege hizi, asiishie kuuliza injini ina msukumo kiasi gani. Awaulize pia mlango wao wa hewa una sehemu zinazosogea au hauna, unabakiza asilimia ngapi ya shinikizo katika kasi ya safari, sauti ya kupaa inaathiriwa vipi na vijilango vya ziada, na injini moja ikizimika abiria wakiwa katika Mach 1.7, ile hewa ambayo haina tena pa kwenda itamwagwa wapi.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi.